Rangi Hupotelea Mezani pa Mhariri

Mwezi wa Septemba, kabla mvua hazijafika, miombo ya Kaliua, mkoani Tabora, huchipua majani mekundu. Majani hayo machanga hayakai hivyo kwa muda mrefu: kutoka wekundu wa damu hupita kwenye rangi ya shaba, huingia manjano, kisha kijani, na si ajabu kukuta mti mmoja una rangi zote hizo kwa pamoja. Jioni, vumbi la barabara na moshi wa mashamba yanayosafishwa huipaka anga rangi ya chungwa upande wa Kigoma, na rangi hiyo huyeyuka polepole kuwa waridi, zambarau, hadi bluu nzito utosini. Mpiga video yeyote wa kwaya, harusi au filamu angetamani mandhari hiyo nyuma ya watu wake. Lakini tazama video zenyewe zikishatoka. Anga imekatika matabaka yenye kingo zinazoonekana wazi, msitu mwekundu umekuwa doa moja, na mashavuni mwa waimbaji kuna mabaka ya kijivu ambayo hayakuwapo siku ya kurekodi. Lawama huangukia kamera, au huangukia YouTube. Naamini zote mbili huonewa. Sehemu kubwa ya rangi inayopotea katika video za HD haipotei kwenye lenzi wala kwenye simu ya mtazamaji. Hupotea katikati, kwenye kompyuta ya mhariri, na mara nyingi hupotea kwa mipangilio ambayo angeweza kuibadilisha bila kununua chochote.

Kwa kompyuta, rangi ni hesabu. Fremu moja ya HD kamili ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, jumla 2,073,600, na kila nukta hubeba namba tatu zinazoeleza rangi yake. Kina cha rangi ni idadi ya ngazi ambazo kila namba inaweza kupanda. Video ya biti 8 ina ngazi 256. Ya biti 10 ina 1024. Wauzaji wa kamera hupenda kuzizidisha ngazi hizo na kutangaza rangi milioni 16.7 upande mmoja na zaidi ya bilioni moja upande wa pili. Hesabu yao ni sahihi, ila inapotosha, kwa sababu mtu huishia kuuliza ni nani mwenye jicho la kutofautisha rangi bilioni moja. Swali la maana ni jingine: kati ya rangi hii na ile ya jirani yake, picha ina ngazi ngapi za kupitia? Anga ya jioni iliyopigwa kutoka upeoni hadi juu ya fremu inaweza kutumia ngazi 40 tu kati ya zile 256. Zigawanye kwenye mistari 1080 ya kimo cha HD, kila ngazi inachukua mistari 27, na ukanda wa mistari 27 wenye rangi moja ni mpana wa kutosha kuonekana kwa macho. Anga hiyohiyo kwa biti 10 ina ngazi 160, kila moja chini ya mistari saba, na jicho halioni pa kushika.

Hapo picha haijaguswa. Madhara makubwa huanza mhariri anapoanza kurekebisha. Chukua nukta mbili jirani angani, moja ina namba 101, nyingine 102. Tofauti yao ni ndogo mno, lakini ndiyo inayofanya rangi iteleze badala ya kuruka. Mhariri anaona picha imezidi mwanga, anaipunguza kwa nusu. Nukta ya pili inakuwa 51. Ya kwanza ilipaswa kuwa 50.5, lakini biti 8 haijui nusu, kwa hiyo nayo inaandikwa 51. Baadaye, katika hatua nyingine ya kazi, mwanga unapandishwa tena mara mbili. Nukta zote mbili zinatoka na 102. Namba 101 imefutika katika fremu nzima, pamoja na kila namba nyingine witiri, na hakuna kitufe cha kuirudisha kwa sababu programu haikumbuki kwamba iliwahi kuwapo. Fanya hesabu hiyohiyo kwa biti 10. Nukta zetu sasa ni 404 na 408. Nusu yake ni 202 na 204. Zikirudishwa, ni 404 na 408 zilezile. Ukifanya kazi kwa hesabu ya desimali ya biti 32, ambayo programu nyingi za uhariri wa kisasa zinaiweza, hata nusu na robo zinatunzwa hadi mwisho. Na wimbo mmoja wa kwaya haupiti kwenye marekebisho mawili tu. Kuna kusawazisha weupe, kupandisha mwanga, kuongeza ukinzani, kupaka mwonekano uliopakuliwa mtandaoni, kulainisha ngozi, kufifisha picha moja kuingia nyingine. Kila hatua ikikata desimali zake, ngazi 256 za mwanzo huwa zimebaki chache mno mwishoni.

Kwa mazingira ya Kaliua hasara hii ni kubwa kuliko inavyodokezwa na vitabu vya mafunzo, kwa sababu mbili zinazokutana. Ya kwanza ni jua. Saa sita mchana fremu moja ina mabati yanayong'aa, mashati meupe, na uso mweusi uliokaa kwenye kivuli cha mwembe. Ili vyote vienee, wapiga video wengi sasa hurekodi kwa mkunjo wa logi, ile picha iliyopauka ambayo baadaye hunyooshwa kwenye kompyuta. Mkunjo wa S-Log3 wa Sony unaeleweka vizuri kwa namba zake: katika biti 10, weusi kabisa umewekwa kwenye 95, kijivu cha kati kwenye 420, na karatasi nyeupe kwenye 598. Kila mwanga unapoongezeka maradufu, hupewa ngazi 79 hivi. Hamishia hayo kwenye biti 8, na kila ongezeko la maradufu linabaki na ngazi zisizofika 20. Kati ya weusi na karatasi nyeupe zinabaki ngazi 126 tu, ambazo mhariri atazivuta zijaze skrini nzima. Sababu ya pili ni ngozi zetu. Uso mweusi kivulini hukaa chini ya kijivu cha kati, na chini kabisa mkunjo huo hutoa ngazi chache zaidi kuliko hizo 20. Juu ya hayo, kodeki za kubana video hutupa kwanza taarifa za gizani, zikidhani hakuna atakayezitazama. Mabaka ya kijivu kwenye shavu la mwimbaji yametoka hapo.

Historia ya picha haikuwatendea haki watu weusi tangu zamani. Maabara za Marekani zilizosafisha picha kwa filamu za Kodak zilipima rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali za ngozi zilikuja kuonekana miaka ya 1990. Kamera za leo hazina upofu huo. Zinaziona vizuri ngozi za kahawia nzito na zile nyeusi tii. Ndiyo maana inauma kuona taarifa ambayo kamera imeikusanya kwa uaminifu ikitupwa na mipangilio ya programu, na matokeo yake yakafanana na ya zamani: uso wa mama aliyeimba kwa machozi umekuwa bapa, hauna shavu wala paji.

Watu wa Kaliua hawahitaji kufundishwa kwamba tofauti ndogo ya rangi ina thamani. Tumbaku ya mvuke inapotoka kwenye bani la kukaushia hupangwa kwa madaraja, na rangi ni miongoni mwa vigezo vyake vikuu: limau, chungwa, kahawia iliyoelekea wekundu. Mteuzi akihamisha jani kutoka kundi moja kwenda jingine, bei yake inahama pia. Sasa fikiria video ya mafunzo inayomwonyesha mkulima namna ya kupanga majani. Ikiwa faili limeunganisha limau iliyokolea na chungwa hafifu kuwa rangi moja, video hiyo inafundisha uongo kwa sauti ya ukweli. Hapa inabidi niweke mpaka wa hoja yangu. Kina cha rangi si usahihi wa rangi. Kamera iliyosawazishwa weupe vibaya itarekodi limau kama kijani hata kwa biti 12, na itafanya hivyo kwa ulaini mkubwa. Lakini kosa la kusawazisha linaweza kurekebishwa baadaye pale tu ambapo ngazi za kurekebishia zimebaki, kwa hiyo hata anayejali usahihi kuliko urembo anakihitaji kina kwanza.

Kina hicho kinapotelea wapi, basi? Chukua mfano wa reli: mzigo wa treni unaotoka Dar es Salaam kwenda Mpanda lazima upite Kaliua, kwa sababu hapo ndipo njia ya Mpanda inapochepuka kutoka reli ya kati. Kilichoharibikia njiani kabla ya Kaliua hakitafika Mpanda kikiwa kizima. Uhariri nao una vituo ambavyo kila fremu hupitia, na kimoja kikiwa cha biti 8, vilivyotangulia vyote vimefanya kazi bure. Kituo cha kwanza ni kugeuza faili. Kompyuta ikielemewa na video za kamera, mhariri huzigeuza kuwa nyepesi, na hilo si kosa, mradi nakala nyepesi zitumike kukatia tu, kisha faili halisi zirudishwe kabla ya kugusa rangi. Kosa ni kugeuza kila kitu kuwa H.264 ya biti 8 na kufuta kadi. Kituo cha pili ni mipangilio ya mradi wenyewe. Katika Adobe Premiere Pro kuna kisanduku kinachoruhusu hesabu ya kina cha juu kabisa cha biti, na kisipowekwa alama, hesabu inaweza kufanyika kwa biti 8. Tena baadhi ya athari za picha hazina uwezo wa biti 32 hata kisanduku kikiwekwa alama, na zilizo nao huonyeshwa kwa alama ndogo pembeni ya jina. After Effects ina mtego ulio wazi zaidi: mradi mpya huanza kwa biti 8 hadi mtu aubadilishe kuwa 16 au 32. Mhariri anayepeleka huko vipande vyake kuwekewa majina ya waimbaji, kisha akavirudisha, amepitisha picha yake yote kwenye mlango mwembamba kwa ajili ya mstari mmoja wa maandishi. DaVinci Resolve, hata toleo lake la bure, hufanya hesabu za rangi kwa desimali za biti 32 bila kuombwa, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu tosha ya mhariri asiye na bajeti kuijifunza.

Kituo kinachowaponza wengi zaidi ni mafaili ya hakikisho. Ili mfuatano ucheze bila kukwama, programu hurenda vipande, yaani hukokotoa fremu zake mapema, na kuvihifadhi pembeni. Kwenye matoleo ya zamani ya Premiere katika Windows, vipande hivyo vilikuwa MPEG ya biti 8. Wakati wa kutoa kazi, kuna chaguo la kutumia vipande hivyo ili kuokoa muda, na mtu mwenye mteja mlangoni hulichagua. Anaokoa dakika chache na kutoa video iliyojengwa kwa takataka za hakikisho. Karibu na hapo kuna kosa la masafa: video ya HD ya biti 8 kwa kawaida huweka weusi kwenye 16 na weupe kwenye 235, na programu ikidhani faili linatumia 0 hadi 255, au kinyume chake, picha hubanwa au hunyooshwa mara mbili. Kisha lipo suala la ndugu yake kina, yaani wingi wa nukta za rangi. Kamera nyingi hurekodi kwa mfumo wa 4:2:0, ambao katika fremu ya HD huhifadhi rangi kwa nukta 960 kwa 540 tu huku mwangaza ukibaki kamili. Sare nyekundu za kwaya dhidi ya ukuta mweupe huonyesha aibu hiyo haraka, kingo zake zikiwa na meno. Mfumo wa 4:2:2 huhifadhi rangi mara mbili ya hiyo, na ndio uliobebwa na nyaya za studio za HD tangu mwanzo, pamoja na biti 10.

Kuna watu wenye hoja nzito dhidi ya haya yote, na wa kwanza ni yule anayesema mtazamaji wake ana simu ya biti 8 na YouTube itampa biti 8, kwa hiyo kazi ya biti 10 ni kujisumbua. Angekuwa sahihi kama kina kingekuwa cha kutazama. Lakini kina ni nafasi ya kufanyia kazi. Kushusha picha kutoka biti 10 hadi 8 mara moja, mwishoni kabisa, huacha ngazi zote 256 zikiwa zimejaa, na programu inaweza kunyunyiza chembechembe za nasibu zinazovunja kingo za matabaka. Kushusha mwanzoni, kisha kurekebisha, huacha ngazi zenye mapengo. Faili zote mbili zitaitwa biti 8 na zitacheza kwenye simu ileile, lakini moja itakuwa na anga na nyingine matabaka. Simu zenyewe pia zimeanza kuvuka mpaka huo: iPhone 12 ya mwaka 2020 ilikuja na uwezo wa kurekodi biti 10, na kamera kama Panasonic GH5 ya mwaka 2017 iliweka biti 10 za 4:2:2 ndani ya kamera ndogo ambayo mpiga harusi angeweza kuimudu kwa mkopo.

Wa pili anasema kamera yake ni ya biti 8, basi hana cha kulinda. Ni kweli kwamba kugeuza faili la biti 8 kuwa la biti 10 hakuongezi hata ngazi moja, na anayeahidi vinginevyo anauza hewa. Rudi lakini kwenye nukta 101 na 102: zote mbili zilitoka kwenye kamera ya biti 8, na kilichoziponza ni hesabu. Mwenye Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 ana sababu kubwa zaidi ya kufanya marekebisho kwa biti 32, kwa kuwa alichonacho ni kidogo na hakina cha kupoteza. Ila asirekodi kwa logi. Kwa biti 8 ni heri kutumia mwonekano wa kawaida, kupatia mwanga na weupe palepale uwanjani, na kuacha kazi ndogo kwa kompyuta. Hilo pia linajibu wale wanaokumbusha kwamba HDCAM ya Sony, iliyotoka mwaka 1997 na kutumiwa na vituo vikubwa duniani kwa miaka mingi, ilikuwa ya biti 8 na vipindi vyake vilipendeza. Vilipendeza kwa sababu wahandisi walipanga mwangaza na rangi kabla ya kurekodi, na kilichobaki kurekebishwa kilikuwa kidogo.

Gharama ndiyo hoja ngumu, na sitaki kuipuuza. Video ya HD ya biti 10 za 4:2:2 isiyobanwa, kwa fremu 25 kwa sekunde, inakaribia GB 467 kwa saa. Hakuna studio ya mtaani inayoweza kuibeba. Lakini hakuna anayelazimika. ProRes 422 ya Apple, iliyotoka mwaka 2007, hutunza biti 10 kwa takriban megabiti 122 kwa sekunde, sawa na GB 55 kwa saa, na DNxHD ya Avid ina daraja la biti 10 la megabiti 185. Saa tatu za kurekodi kwaya ni GB 165, na si lazima zote zigeuzwe, geuza zilizochaguliwa. Kupakia mtandaoni kwa bando la simu ni jambo jingine: wimbo wa dakika 5 uliotolewa kwa H.265 ya biti 10, megabiti 40 kwa sekunde, ni GB 1.5, na mwenye bando dogo anaweza kushuka chini ya hapo bila aibu. Kinachoongezeka kweli ni muda wa kurenda. Umeme ukiwa wa kukatika, muda huo una uchungu wake, na kwa sababu hiyo ni busara kurenda wimbo mmoja mmoja badala ya albamu nzima kwa mkupuo.

Linabaki suala la nani atakayeitazama kazi hii baada ya miaka 30. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita ukanda huu, na mtemi Mirambo aliitawala sehemu yake kubwa kutoka Urambo hadi alipofariki mwaka 1884, lakini sura za watu wa zama hizo tunazo kwa michoro ya wageni na picha chache zisizo na rangi. Ulyankulu, katika ukanda huuhuu, ilipopokea wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972, na kwaya kama ile ya Barabara ya 13 zikaja kusikika nchi nzima, nyimbo za kwaya zilisambaa kwa kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti, kila nakala ikipungukiwa sauti. Leo nakala inaweza kubaki kamili, lakini nakala inayobaki mikononi mwa kwaya nyingi ni ile iliyopitia WhatsApp, na mhariri hufuta mradi ili kupata nafasi ya harusi inayofuata. Wimbo wa dakika 5 kwa ProRes 422 HQ, ya megabiti 184, ni GB 6.9. Albamu ya nyimbo nane ni takriban GB 55, na inaenea kwenye flashi ya GB 64. Mhariri awape flashi hiyo pamoja na DVD au kiungo walichozoea kupewa, nakala ya pili ikae kwenye diski yake, na katika makubaliano ya malipo iandikwe kwamba flashi ni ya kwaya, itunzwe na katibu wao.